Kiberiti Kwenye Sikio la Kushoto

Kabla sijasema la mtu, niseme langu, maana anayeanza na aibu ya mwenzake huishia kuisahau yake. Niliwahi kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo nililolisikia kwa watu tu. Niliapa huku nacheka, soda mkononi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, na mtalikuta humu humu mbele. Sasa niwasimulie ya mwenye kisa, kama yeye na mkewe walivyoyasimulia.

Palikuwa na mtu kazi yake kusikiliza. Karakana aliyokuwapo ilifufua hedifoni zilizochoka: zinaletwa kwenye magunia, waya zimekatika, mito ya masikioni imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mmoja anashona mito mipya, mwingine anachomea waya, na mwisho kabisa wa meza, penye kiti chenye mgongo, anakaa mjaribu. Akisema nzima, inaingia boksini. Akisema mbovu, inarudi ilikotoka. Neno lake halikuwa na rufaa.

Wenzake walimwita Bwana Sikio, kwa sababu ya uangalifu wake. Wajaribu wengine huvaa hedifoni mara moja, wakatikisa kichwa, basi. Yeye alivaa, akasikiliza, akaivua, akaigeuza kushoto kuwa kulia, akavaa tena. "Mwacheni," alisema Bi Mkubwa, mwenye karakana. "Huyo anasikiliza mpaka mifupa."

Wasilolijua ni kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Lilikufa utotoni, kwa matumbwitumbwi, likabaki pale kichwani kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Alikuwa anageuza hedifoni ili kila upande upite kwenye sikio moja zima. Siku ya kuomba kazi hakuulizwa, naye hakusema, akajiambia kunyamaza si uongo.

Nyumbani walijua. Mkewe alitembea kuliani kwake daima. Binti yao mdogo, ambaye kwa maneno yake mengi walimpa jina la Chiriku, alijifunza kukaa goti la kulia hata kabla hajajua kulia ni wapi. Na mwenyewe akitaka kupumzika alilalia sikio lile zima, dunia ikazimika yote. Alikuwa ameridhika. Hakuwa amewahi kujua sauti inatokea wapi; akiitwa alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka amwone aliyemwita.

Sasa zikaja hedifoni mpya. Hazikuja kwenye gunia, zilikuja kwenye maboksi yake, na juu ya boksi pameandikwa kwamba sauti inamzunguka msikilizaji, mbele, nyuma, juu, kama yuko mahali penyewe. Bi Mkubwa alikuwa anafikiria kuzichukua kwa wingi. Ndani ya kifaa cha majaribio palikuwa na sauti moja tu: mtu anatikisa boksi la kiberiti, chaka, chaka, huku akikuzunguka.

Fundi wa kuchomea, waliyemwita Risasi, alivaa wa kwanza.

"Haya, iko wapi?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Humu humu kichwani, Bi Mkubwa. Kama njaa."

"Acha mchezo."

"Kweli. Kulia naisikia, kushoto naisikia. Nyuma na mbele zinanichanganya. Halafu tazama," akageuza shingo, "nikigeuka, nayo inageuka na mimi. Kitu cha kweli hakifuati shingo yako. Hiki ni kiberiti cha uongo."

Mshonaji wa mito akavaa, akaruka kitini, akasema katikisiwa kiberiti kisogoni kabisa. Wakabishana. Wengine wanasikia, wengine hawasikii, kila mmoja na kichwa chake. Bi Mkubwa akachoka. "Mpeni Bwana Sikio. Yeye akisema, basi."

Akavaa. Upande wa kulia kiberiti kilikuja, kikapotea, kikaja tena. Wakati kinapotea hakujua kiko wapi. Hapa hapakuwa na kugeuza, maana sauti hii huhitaji masikio mawili kwa pamoja. Macho yote yalikuwa kwake. Alimfikiria Chiriku, akafikiria kile kiti chenye mgongo.

"Inazunguka," akasema.

"Na nyuma? Risasi anasema nyuma hakuna kitu."

"Nyuma ipo."

"Una hakika? Nazichukua kwa neno lako, Bwana Sikio."

"Wallahi, Bi Mkubwa," akasema, "kuna mtu nyuma yangu."

Ndugu zangu, ulimi hauna mfupa. Alikwisha kuvua hedifoni, akaitundika msumarini na kuchomoa waya, wenzake wameondoka kwenda kula, aliposikia.

Chaka.

Mara moja tu. Alisimama. Kilichomshangaza hakikuwa sauti; ni kwamba alijua ilikotoka. Ilitoka nyuma, kushoto, kiasi cha hatua mbili. Maishani mwake hakuwahi kujua hilo kwa sauti yoyote. Akageuka. Palikuwa na gunia la waya na ukuta. Na harufu: ile ya njiti iliyowashwa sasa hivi ikazimwa.

Alifunga karakana, akaenda kula na wenzake, asiseme kitu.

Siku zilizofuata dunia ilifunguka upande wa kushoto. Mvua ikinyesha aliisikia ikianza paa la jirani, ikivuka uchochoro, ikipanda kwake. Pikipiki zilipita zikitoka huku kwenda kule, kama uzi unaovutwa. Alikaa kibarazani akasikiliza tu, mdomo wazi. Mkewe akamuuliza, "Baba Chiriku, unacheka nini?" Akamjibu hacheki. Na kweli hakuwa anacheka: shavu la kushoto lilikuwa limelegea, halina habari. Alipogusa hakuhisi kidole. Kama sindano ya daktari wa meno, ila sindano hakupigwa.

Ganzi ile ilikuwa inashuka polepole. Kadiri sikio lilivyozidi kusikia, ndivyo ngozi ilivyozidi kunyamaza. Alikunywa chai, ikamchuruzika kidevuni, akaambiwa na watu. Moyo nao ukaanza kulala. Alipoambiwa mtoto ana homa alisema "sawa," kama aliyeambiwa chumvi imekwisha.

Na kiberiti hakikuondoka. Kilitikiswa nyuma yake akiwa kazini, akiwa njiani, akiwa kwenye swala. Akisujudu kinasogea, akiinuka kinarudi hatua mbili. Siku moja akakumbuka maneno ya Risasi, akajaribu. Akageuza shingo kulia polepole, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Sauti haikumfuata shingo. Ilibaki palepale ilipokuwa, imesimama kama mtu anavyosimama. Alipaswa kuogopa. Alijua kabisa kwamba hapa ndipo mtu anapoogopa. Akautafuta woga ndani yake, hakuukuta, akarudi kazini.

Karakana ilinawiri. Bi Mkubwa aliwaita wateja waje kuona mjaribu wake: anafungwa kitambaa machoni, anavalishwa hedifoni, sauti inazungushwa, naye ananyoosha kidole inakotoka. Hakukosea hata mara moja. Wateja wakapiga makofi. Bi Mkubwa mwenyewe akawa anawaapia, "Wallahi, inazunguka kama mtu yuko nyuma yako," naye hakuwahi kuivaa. Alikuwa na haraka zake, na neno la Bwana Sikio lilimtosha.

Ikafika siku ya mapumziko. Mkewe alikwenda kliniki, akamwachia Chiriku. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, nguo zimeanikwa. Mtoto alikuwa anacheza ndani na kikopo chake.

"Baba!"

Sauti ilitoka uani. Akainuka, akaenda uani. Nguo tu.

"Baba! Njoo!"

Sasa ilikuwa nje ya lango, kushoto, mbali kidogo, wazi kabisa, unaweza kuiwekea alama ya chaki. Naye akatoka, akafuata ukuta, na kila alipokaribia sauti ilijisogeza mbele kiasi cha hatua mbili, ikiita kwa kicheko kile kile cha Chiriku, ikapita kwa muuza mkaa, ikapinda kona, ikafika barabara kubwa, na alipokuwa amesimama ukingoni magari yanapita ndipo lilipomjia wazo, jepesi, baridi, kama karatasi iliyopeperushwa usoni, kwamba mtoto wa umri ule hawezi kufika pale kwa miguu yake, na kwamba tangu atoke nyumbani sikio lake la kulia, lile zima, lile alilopewa na Mungu, halikuwa limesikia chochote.

Akarudi. Hakukimbia. Baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakukimbia.

Mkewe alikuwa amemtangulia. Alikuta mlango wazi, akasikia kikopo kikigonga plastiki, akaenda jikoni kwenye pipa la maji. Alipoingia yeye, mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, kanga imelowa, amemlaza mtoto juu ya mapaja, anampiga mgongoni. Chiriku akatapika maji, akavuta pumzi, akatazama. Hakulia. Na tangu saa ile hakusema neno.

"Ulikuwa wapi?" mkewe akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele. "Alikuwa anakuita. Jirani amemsikia ukutani kwake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilimfuata."

"Ulimfuata nani?"

Alisimama, mikono imening'inia. Mkewe akamtazama usoni kwa muda, akaona jicho la kushoto halipepesi, akamvuta mtoto kifuani kwake. "Namwita shangazi," akasema.

Shangazi wa mkewe alikuwa mama mtu mzima aliyefundisha watoto wa kike kusoma Kurani, na watu walimletea wagonjwa. Hakuwa mtu wa makeke. Alifika na mswala wake na chupa ya maji, akaamkiwa, akaitikia, akatazama.

"Mkwe wangu, limekuanza lini?"

"Kitu gani, Shangazi?"

"Usinichoshe, nimepanda uchochoro wenu wote huo. Nyumba hii inanuka kiberiti na jiko lenu ni la gesi linalojiwasha. Sikio gani?"

Akamwonyesha.

"Si ndilo lile bovu?" Akakaa. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Leo tutaona."

Alisoma akiwa upande wa kushoto, karibu kabisa, sauti ya chini isiyo na pambo, na kadiri alivyosoma harufu ilizidi, mpaka mkewe akafungua dirisha, na kile kiberiti kikaanza kuzunguka chumba, chaka, chaka, sasa wote wakikisikia, kinapita nyuma ya kabati, kinapita mlangoni, kinapita juu ya kichwa cha mtoto aliyelala, na nusu ya kulia ya mdomo wa yule mtu ilikuwa imefungwa imara, meno yamekazana, lakini ile nusu ya kushoto, nusu iliyokufa ganzi, ikafunguka peke yake kama mfuko unaopulizwa na upepo, ikasema kwa utulivu:

"Sikuvunja mlango."

"Umeingiaje?" shangazi akauliza.

"Aliapa kuna mtu nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Nikaja nikasimama, asiwe mwongo."

Shangazi akamgeukia mkwe wake, na hapo uso wake ukaonyesha huzuni kuliko hofu. "Uliapa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi mimi siwezi kumtoa. Nitasoma hadi koo likauke, atakaa pembeni, nikiondoka atarudi. Huyu ana haki ya kukaa, umempa wewe. Kiapo kinafutwa pale kilipoapiwa, mbele ya walewale. Halafu utatubu, utafunga."

"Nikisema, kazi imekwisha, Shangazi."

"Na usiposema? Mtoto pipa limemrudisha. Unadhani atarudishwa mara ngapi?"

Kesho yake alisimama mbele ya meza ya karakana, mashine zikiwa bado baridi.

"Bi Mkubwa, nina neno. Sikio langu la kushoto halisikii. Halijasikia tangu utoto. Siku ile niliapa uongo."

Risasi akacheka, na wote wakafuata.

"Bwana Sikio kiziwi!" Risasi akasema. "Basi na mimi ni mtawa."

Bi Mkubwa hakucheka. "Nani amekununua? Unataka kuhamia kwa jirani, sema. Watu wamekuona kwa macho yao ukinyoosha kidole. Wewe ukiwa kiziwi, mimi ni nani, bubu? Kaa hapo."

Wakamfunga kitambaa. Wakamvalisha hedifoni. Sauti ikazungushwa. Na hapo, jamani, tazameni ule mtego: akionyesha sawasawa, ukweli wake unaonekana uongo, akikosea makusudi, ni uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Akainua kidole akaonyesha anachokisikia. Kushoto, sawa. Nyuma, sawa. Kulia juu, sawa.

"Mnaona?" Bi Mkubwa akasema.

Risasi, kwa utani wake, alinyoosha mkono taratibu akachomoa waya. Akawakonyeza wenzake, akauinua ule waya juu wote wauone, wacheke mjaribu akishangaa ukimya.

Kidole hakikushuka.

Kilisogea. Kikatoka kwenye dirisha kikaja kwenye magunia, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, kikapita kwa mshonaji wa mito naye akarudi nyuma hadi ukutani, kikampita Risasi ambaye waya ulikuwa umemganda mkononi na utani umemkauka kooni, na kila kilipompita mtu, mtu huyo aliinamisha kichwa kama anayepisha kitu chenye mabega mapana, na chumba kizima kikanuka njiti iliyozimwa, mpaka kidole kikafika kwa Bi Mkubwa, kikapanda kidogo, kikatulia juu ya bega lake la kushoto.

"Bwana Sikio," Risasi akanong'ona, "mashine imezimwa."

"Najua," akajibu. "Amesimama."

Hakuna aliyetikisika. Akavua hedifoni, akaacha kitambaa machoni, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma namba ya nyumba: "Siku ile sikusikia mtu nyuma yangu. Niliapa kwa jina la Mungu na nilisema uongo. Nakifuta kiapo changu mbele yenu. Namwomba Mungu anisamehe, na nyinyi nawaomba."

Kiberiti kilikatika katikati ya mtikiso. Upande wa kushoto wa dunia ukafungwa, kimya, kama ulivyokuwa tangu utoto. Ganzi ikaanza kutoka shavuni kwa maumivu ya sindano nyingi, na hapo ndipo alipomwona Chiriku moyoni mwake, ndani ya pipa, kwa mara ya kwanza hasa, akakaa chini. Jicho la kulia lilitoa machozi. La kushoto lilitazama tu.

"Nenda nyumbani," Bi Mkubwa akasema. "Tutaongea kesho." Kisha akageuka ghafla, kushoto. "Nani ameniita?"

"Hakuna aliyekuita, Bi Mkubwa," Risasi akasema.

Bi Mkubwa akawa anajisugua shavu la kushoto.

Yule mtu alifunga, akatubu. Kiti chenye mgongo alikikosa. Siku hizi anabandika mito, na wanamwita Bwana Sikio vilevile, ila hawacheki. Chiriku alikaa kimya kwa muda, kisha asubuhi moja akapanda goti la kulia akaomba uji. Mkewe amemsamehe, ingawa akitoka hamwachii mtoto. Bi Mkubwa naye alipita kwa wateja wake mmoja mmoja kufuta alichowaapia, na akapona.

Lakini hakuwapata wote, na wateja nao walikuwa wamekwisha kuwaapia wengine. Kiapo ni kama kikohozi, hukioni kinapoishia.

Mimi nilinunua moja ya hedifoni zile. Niliivaa kidogo tu, nikaona sielewi nyuma wala mbele. Lakini siku ileile, kwenye kibanda cha soda, mtu nisiyemjua aliniuliza kama kweli inazunguka. Kwa kutaka nionekane nimenunua kitu cha maana, nikamwambia, kama muuzaji alivyoniapia, "Wallahi, utadhani kuna mtu nyuma yako." Tukacheka. Akaenda zake. Nimemtafuta kibandani pale tangu wakati ule, hajarudi. Shavu langu silihisi vizuri, na haya yote nimeyaandika bila kuogopa, jambo ambalo najua si zuri.

Kwa hiyo nakuomba. Kama ni wewe niliyekuapia, jua kwamba sikusikia kitu. Na kama si wewe, niombee dua tu. Na siku ukija kuniambia jambo, tafadhali, simama upande wangu wa kulia.